Hondohondo na Baba Gladi

Jumamosi, 4 Oktoba 1997

Mti wetu wa mruka umeangushwa. Nimerudi kutoka sokoni nikakuta jua linawaka mpaka mlangoni pa jiko, mahali ambapo halijawahi kufika tangu niolewe hapa Mwika. Mti ule aliuacha baba mkwe, ulikuwa ndio mwavuli wa kahawa yetu yote, na sasa umelala juu ya migomba na kuiponda. Mume wangu Elisaria amesimama kando na msumeno wa chensoo wa kuazima, jasho linamtoka, amevaa shati lake la kiwandani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ni mti tu, Mama Gladi."

Ni mti tu! Tangu mwezi wa sita, kiwanda kilipouzwa kwa mwekezaji na yeye akapunguzwa kazini, mume wangu hajashika jembe. Kila asubuhi anavaa lile shati, anakaa kwenye benchi karibu na ua, anatazama barabara. Siku anayoamua kufanya kazi, anafanya hii.

Ndani ya shina kulikuwa na hondohondo. Jike la ndege hawa likitaka kutaga hujiziba kwa tope ndani ya shimo la mti, linabakiza ufa tu, na dume ndilo linaloleta chakula. Huko ndani linanyonyoka manyoya ya mbawa, haliwezi kuruka. Mti umeanguka nalo na limekufa. Kinda limepona, halina hata unyoya, ngozi tupu na mdomo wazi.

Elisaria alisema atalitupa. Nimelichukua nikaliweka kwenye kikapu cha mayai, juu ya vitambaa, karibu na mafiga. Sikufanya hivyo kwa huruma. Nataka alione kila akiingia jikoni kwangu.

Jumapili, 5 Oktoba

Dume limekuja tulipotoka kanisani, koo limejaa matunda. Lilizunguka hewani pale mti ulipokuwa, likatua kwenye mparachichi, likalia. Likazunguka tena. Elisaria aliingia chumbani akafunga dirisha.

Jumatatu, 6 Oktoba

Limekuja tena.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo halikuja. Kinda liko hai. Linataka kula kila ninapokaa chini, na mimi nina darasa zima la tano shuleni, ng'ombe wawili, na mume.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua. Redioni wanasema mwaka huu kuna kitu kinaitwa Elinino, vuli itakuwa kubwa. Mto umeshaanza kunguruma.

Nimejua sasa namna ya kumlisha ndege. Ndizi mbivu iliyopondwa, parachichi, makuyu, na panzi aliyeng'olewa miguu. Hanywi maji kabisa, anayapata kwenye matunda. Ukimpelekea chakula kwa kijiti anakataa, anataka kidole. Vidole vyangu vimejaa alama na nikishika chaki vinawasha.

Mama, yaani mama mkwe wangu, amempa jina la Mangi. "Si unaona jinsi anavyopiga kelele mpaka ahudumiwe? Hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wamangi, machifu wetu wa zamani," anasema. Mimi simwiti jina. Ni ndege.

Jumamosi, 25 Oktoba

Elisaria ameingia jikoni leo akicheka. Sijamwona akicheka tangu Juni, nikajua kuna jambo.

Yuko mtu anaitwa Ebenezeri, alisoma naye, akaenda Dar na kurudi na fedha, amejenga nyumba ya wageni kule Marangu kwa ajili ya wazungu wanaopanda mlima. Wamekutana kwenye duka la pembejeo. Ebenezeri akasikia habari ya hondohondo. Amesema kama ndege atazoea watu, aje kwenye mkono wa mtu yeyote, ale, wageni wampige picha, yeye atamchukua kabla ya Krismasi. Na Elisaria atapata kazi ya stoo.

"Kazi, Mama Gladi! Ya stoo!"

"Na nani atamfundisha huyo ndege?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza nani atapika chakula cha jioni.

Nilitaka kumrushia mwiko. Wewe uliangusha mti, wewe ulimuua mama yake, mimi nikabaki na kinda, na sasa kazi yako imewekwa juu ya vidole vyangu hivi vyenye alama. Lakini nimekubali. Naandika hapa kwa nini nimekubali, nisije nikajidanganya baadaye: nataka mwanamume yule aondoke kwenye lile benchi. Nataka awe na mahali pa kwenda asubuhi. Nikimwona mwezi mmoja zaidi pale uani nitageuka mtu mbaya.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Manyoya yameota, meusi, bado mafupi na ya ovyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeanza masomo. Simlishi tena akiwa kikapuni. Nasimama hatua moja, napiga ulimi, nafungua kiganja chenye tunda. Akija anakula, asipokuja namwacha na njaa yake mpaka aje. Kesho hatua mbili. Sijasomea hili popote, ila watoto wa darasa la tano nao hawaji mpaka waone una kitu mkononi.

Jumatano, 12 Novemba

Daraja la chini limechukuliwa na maji. Shule nusu tupu.

Jumamosi, 15 Novemba

Kwangu anakuja kutoka upande wa pili wa ua, anarukaruka na kupiga mbawa kwa kelele. Kwa Elisaria haji.

Nimesimama leo kumwangalia mume wangu akijaribu, na nimepandwa na hasira mpaka masikio yamewaka. Anashika kuyu kwa ncha za vidole. Mdomo wa ndege ukikaribia, anarudisha mkono. Ndege anabaki ameduwaa. Kisha Elisaria anafoka, "Kula, we!" kama anavyofokea mashine iliyokwama.

"Usirudishe mkono!"

"Ananidonoa."

"Na mimi ananidonoa tangu Oktoba! Fungua kiganja. Fungua! Simama hapo hapo. Baba Gladi, simama!"

Mama alikuwa anachambua maharage barazani akasema, "Wewe sasa unamfundisha nani?" Nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua siku zote. Makuyu ya karibu yameisha. Asubuhi hii Elisaria hakukaa kwenye benchi. Aliondoka kabla sijakamua, akarudi amelowa chapachapa na mfuko umejaa makuyu kutoka korongoni, magoti yamechubuka. Akayamwaga mezani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumgombeza kwa jambo jingine, nikayasahau.

Ndege bado haji kwake.

Jumamosi, 29 Novemba

Siku ya leo nitaiandika yote, kwa sababu nimemfokea mama mkwe wangu, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitalifanya nikiwa na akili timamu.

Jirani yetu Aikande ana kipaimara cha mwanawe wiki ijayo, na Mama amepewa kazi ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa sababu hakuna mtu hapa anayeipika kama yeye. Ndizi zilikuwa zimechemshwa tangu Jumanne, ziko kwenye pipa bandani, zimechachuka na kupanda povu. Leo ilikuwa siku ya kuzikamua ili achanganye ulezi. Mimi nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi nikamkuta ndege chini ya pipa, amelala ubavu, shingo imelegea, macho yamegeuka. Nikamwinua. Kichwa kikaning'inia.

"Mama, amekula nini huyu?"

"Nilimwonjesha kidogo tu."

"Umemwonjesha nini?"

"Za kwenye pipa. Alikaa hapo ananitazama. Mtu akikaa panapopikwa mbege anaachwaje bila kuonjeshwa? Hata wewe ulipoletwa hapa bibi harusi nilikuonjesha."

Ni kweli, alinionjesha. Lakini mimi nilifoka. Nilisema, "Mama, umemuua! Umeua kazi ya mwanao kwa kata ya ndizi!" Nikasema na mengine. Mama akaacha kukamua. Akakaa kwenye kigoda, mikono imejaa povu la ndizi, akasema taratibu, "Ruwa, Mungu wangu, nilidhani nimemkaribisha." Nikajiona mdogo, lakini hasira haikunitoka.

Elisaria alirudi na makuyu wakati huo. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alimchukua ndege kutoka mikononi mwangu, akafungua vifungo vya shati la kiwandani, akamwingiza kifuani, akaenda kukaa jikoni karibu na moto. Akakaa hapo mchana mzima. Kila baada ya muda alimdondoshea maji ya makuyu mdomoni kwa ncha ya kidole. Hakurudisha mkono.

Nilikuwa namenya viazi. Mvua ilipiga bati mpaka ikawa lazima mtu aseme kwa sauti ili asikike, na nadhani ndiyo sababu alisema.

"Yule kijana waliyemweka mahali pangu, mimi ndiye niliyemfundisha."

Nikaacha kumenya.

"Walimleta Januari. Wakaniambia, Elisaria, mfundishe. Nikamfundisha kila nati. Nilimwonyesha hata mlio wa mashine inapokaribia kuharibika, kitu ambacho sikumwonyesha mtu. Nilimpenda yule kijana. Siku ya kutuita ofisini, yeye ndiye aliyenifungulia mlango."

Miezi sita yote hakuniambia hilo. Nilijua amepunguzwa, kama walivyopunguzwa wengine. Hili sikulijua.

"Na mti?" nikamuuliza. "Mti ulikukosea nini?"

Akamtazama ndege ndani ya shati. "Nilitaka na kitu kingine kianguke."

Nimekasirika upya. Nimemkasirikia kwa kunyamaza, nimekasirikia kiwanda, nimekasirikia kijana nisiyemjua jina na mwekezaji nisiyemjua sura. Ila ile hasira niliyokuwa nayo kwa benchi, ile niliyoizoea, nimeitafuta leo na siioni mahali pake.

Jioni ndege alitapika ndizi zote juu ya shati, akainua kichwa, akaanza kudai chakula. Elisaria alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda bandani nikamwomba Mama radhi. Akanipa kata ya kuonja.

Jumapili, 30 Novemba

Mama amenisalimia kwanza. Basi yameisha.

Jumamosi, 6 Desemba

Amekuja kwa Elisaria. Aliruka kutoka kwenye mparachichi, akavuka ua wote kwa ule mvumo wa mbawa zake, akatua kwenye mkono wake na kula kuyu kiganjani. Elisaria hakutikisika.

Nilifurahi. Kisha nikaona wivu. Mwalimu mzima namwonea wivu mume wangu kwa ajili ya ndege! Nilikwenda kuwagombeza ng'ombe bila kosa.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua. Shule imefungwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Binti yetu Gladness amerudi kutoka bweni. Amesema ndege huyu ana maisha bomba kuliko yeye, kule wanakula maharage yenye wadudu na hapa Mangi anachaguliwa makuyu. Ndege amekula mkononi kwake, na kwa Aikande, na kwa mtu wa kuchukua maziwa. Anakwenda kwa kila mkono uliofunguliwa. Hicho ndicho tulichotaka. Sijui kwa nini kinaniudhi.

Jumamosi, 20 Desemba

Ebenezeri amekuja. Gari lilizama kwenye tope chini ya kanisa, wanaume wakaenda kulisukuma, akafika na viatu safi huku waliosukuma wamepakwa tope mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mama," alimwambia mama mkwe. "Mwalimu, habari za siku nyingi."

Tulimpa chai. Elisaria alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kanisani. Akapiga ulimi, ndege akaja. Ebenezeri akafungua kiganja chake laini, ndege akaenda, akala. Jamaa akafurahi kama mtoto. Kisha akatoa mfukoni mkasi.

"Tumkate mbawa kabisa, asije akatoroka na mali yangu."

Elisaria akamchukua ndege. "Hapana."

"Hapana vipi?"

"Ukimkata mbawa umepata kuku. Wageni wako wana kuku kwao. Mimi nimemfundisha kuja akitokea angani. Ukitaka huyu, unamchukua na mbawa zake. Hutaki, kunywa chai yako."

Sijamsikia akisema hivyo na mtu mwenye gari. Nilitamani kupiga makofi. Ebenezeri akacheka, akarudisha mkasi mfukoni, akasema sawa. Kisha, kana kwamba anakumbuka jambo dogo, akasema kuhusu stoo kuna tatizo. Stoo amempa mtoto wa dada yake. Lakini Elisaria asiwe na wasiwasi, kazi ipo. Atasimama bustanini na ndege saa za wageni. Atavaa ngozi ya mbuzi na kushika mkuki, kama wazee wa zamani.

"Wageni wanapenda mambo hayo," alisema.

Nilimtazama mume wangu. Mtu aliyekuwa msimamizi wa zamu, ambaye mashine ikilia vibaya yeye ndiye aliyeitwa. Nikasubiri ile hapana ya pili. Nilikuwa tayari nimeinuka kumsindikiza mgeni.

"Nitakuja Jumatatu," Elisaria alisema.

Gari lilipoondoka nilimwuliza kama masikio yake yamesikia. "Umekubali kuvaa ngozi? Watu wote wanarudi Krismasi! Kila mtu wa Mwika atapita Marangu! Utasimama hapo na mkuki?"

"Nimekubali kuwa na mahali pa kwenda asubuhi, Mama Gladi. Wewe unakwenda shuleni. Mimi naenda wapi?"

Maneno yangu yenyewe. Sikuwahi kumwambia, niliyaandika humu tu, na yeye ameyafikia kwa njia yake. Nikachukua panga nikaenda kukata majani kwenye mvua, nikakata mengi kuliko ng'ombe wanavyoweza kula.

Jumatatu, 22 Desemba

Ameondoka alfajiri kwa miguu, ndege kwenye tenga. Benchi tupu. Nililitaka hivyo.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Amefanya kazi. Nyama yake nimemwekea.

Jumapili, 28 Desemba

Nje ya kanisa Aikande akaniambia, mbele ya watu, "Tumemwona shemeji Marangu. Ngozi imemkaa!" Wakacheka, na ndugu zao waliotoka Dar na miwani ya jua wakacheka zaidi. Nikamwambia, "Imemkaa kwa sababu ana mabega. Mume wako ingemdondoka." Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Lakini nimerudi nyumbani na hasira.

Elisaria hasimulii kazi. Anasema tu Mangi amekula vizuri au Mangi amegoma kidogo. Analala usingizi. Miezi sita alikuwa anageukageuka, sasa analala.

Jumatano, 31 Desemba

Mvua haikati. Barabara ya chini imefungwa. Anapita juu, msituni.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Nimekwenda Marangu. Sikumuaga Elisaria. Nilimwambia Mama naenda kumwona dada.

Nyumba ya Ebenezeri ina bustani inayoteremka hadi mtoni na ua wa maua mekundu. Nilisimama nje ya ua, karibu na geti, pamoja na wapagazi waliokuwa wanasubiri kazi. Wazungu walikuwa wamekaa kwenye viti vyeupe, na familia moja ya kwetu iliyotoka Dar, watoto wamevaa viatu vinavyowaka taa. Ebenezeri alikuwa kwenye ngazi.

Elisaria akatokea. Amevaa ngozi juu ya suruali, na gambuti, kwa sababu ya tope. Mkuki mkono wa kushoto. Wapagazi hawakumcheka, mmoja alisema tu, "Mzee huyo ni fundi, subiri uone." Akauinua mkono wa kulia, kuyu kiganjani, akapiga ulimi.

Mangi alitoka juu ya mti mrefu ng'ambo ya mto. Kwanza tulisikia mbawa. Amekuwa mkubwa, mweusi anayeng'aa, tumbo jeupe. Watu wote wakainua kamera. Akaja moja kwa moja kuelekea mkono wa Elisaria, kisha akaupita. Aliupita juu kidogo, akavuka viti, akavuka maua, akatua kwenye nguzo ya geti mbele yangu. Akafungua mdomo wazi kama alivyofanya ndani ya kikapu cha mayai.

Kila mtu aligeuka. Elisaria alibaki na mkono hewani. Nilimwona Ebenezeri akishuka ngazi moja, uso umebadilika, na nikajua anafikiri nini: kumbe ndege ni wa mwanamke, mume wa nini?

Niliificha mikono yangu kwapani chini ya khanga. Mangi akadonoa khanga. Akadonoa tena, taratibu, akaita kwa ile sauti ya ndani ambayo hawaijui wengine. Sikumtazama. Nilitazama gambuti za mpagazi. Moyoni nilikuwa namtukana kila mtu niliyewahi kumjua, na mikono nimeibana mpaka ikafa ganzi.

Alikaa pale muda mrefu. Hata wazungu walishusha kamera.

Ng'ambo ya bustani Elisaria akapiga ulimi tena. Mkono wake ulikuwa pale pale, haukushuka, haukurudi nyuma. Mangi akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, akaruka, akaenda kwake. Watu wakapiga makofi. Ebenezeri naye akapiga.

Baadaye Elisaria alikuja getini, ngozi ameikunja mkononi. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Alikuja kwako," alisema. "Mbona hukumpa?"

"Sikuwa na kitu."

Alinitazama sana, kisha akaitwa ndani.

Nilikuwa nacho. Pindo la khanga lilikuwa limejaa makuyu, niliyachuma asubuhi korongoni, nikateleza mara mbili kwa ajili yake. Nimeyala njiani, moja moja, na wadudu wake, huku nikilia kwa hasira, mpaka Mwika.